Mashine ya kufua ikivuja Kindu: tafuta chanzo kabla ya kuitupa

KINDU, Maniema – Maji yanatambaa kwenye sakafu ya sementi, nguo ziko nusu ya kazi, na mtu nyumbani amekwisha kutoa hukumu: mashine imekufa. Siku chache baadaye inasukumwa pembeni, inawekewa sahani juu, na nguo zinarudi kwenye beseni.

Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Kinachovuja kinaweza kuwa pete ya raba yenye upana wa kidole gumba, tiyo iliyolegea, au chembe za mchanga zilizonasa mahali padogo. Mashine nzima inalaumiwa kwa kosa la kitu ambacho mtu angeweza kukisafisha kwa mswaki wa zamani.

Kindu si mji ambapo mtu anaweza kukosea namna hiyo bila hasara. Mzigo unafika hapa kwa ndege, kwa gari moshi la SNCC linalotoka kusini kupitia Kongolo, kwa mashua zinazopanda mto kutoka Ubundu, au kwa barabara ambazo mvua ikinyesha zinageuka matope. Aliyefaulu kufikisha mashine ya kufua hadi Kasuku, Mikelenge au ng'ambo ya mto huko Alunguli, ametoa jasho na pesa. Kuipata nyingine si jambo la kesho.

Na kuna anayelipa zaidi ya wengine. Mashine ikisimama, kazi inarudi kwa mama na wasichana wa nyumba: kuchota maji, kuloweka, kusugua, kukamua, kuanika. Wapo pia akina mama wanaofula nguo za watu ili walishe watoto, na kwao mashine ndogo ni kitendea kazi kama cherehani ilivyo kwa mshonaji.

Hans Rosling, daktari wa Uswidi aliyefanya utafiti juu ya ugonjwa wa konzo hapa kwetu Kongo, huko Bandundu, na ambaye alifariki mwaka 2017, aliwahi kulieleza jambo hili mbele ya dunia. Katika hotuba yake ya mwaka 2010 alisema kwamba kati ya watu karibu bilioni 7 wa wakati ule, bilioni 2 tu ndio waliofuliwa nguo na mashine. Waliobaki walifuliwa kwa mikono, karibu yote ikiwa mikono ya wanawake. Muda unaookolewa na mashine, alisema, mama yake aliutumia kwenda naye maktaba na kumsomea vitabu.

Basi swali la mashine inayovuja si la mafundi peke yao. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi inaweza kufanyika nyumbani, bila chombo cha ajabu, kwa macho na kwa subira.

Umeme kwanza, maji baadaye

Kabla ya kushika chochote: maji na umeme vikikutana sakafuni, vinaua. Usikanyage maji ili ufike kwenye prizi. Ukiona maji yamezunguka mashine, zima umeme mbali na hapo, kwenye disjonkta ya nyumba, au uzime jenereta yenyewe kama ndiyo inayotumika. Ukishahakikisha kwamba hakuna umeme, chomoa waya wa mashine, funga robine, kisha kausha sakafu.

Onyo hili lina uzito wa pekee hapa kwetu. Umeme unakatika bila kuaga na unarudi bila kupiga hodi. Anayefungua mashine huku waya ukiwa bado kwenye prizi, kwa kudhani kwamba hakuna umeme mjini, anacheza na maisha yake. Aidha, nyumba nyingi zinazotumia jenereta au sola hazina waya wa ardhini, ule unaopeleka umeme uliopotea ardhini badala ya kuupitisha kwenye mwili wa mtu. Kama uliwahi kuhisi mtetemo mkononi ulipogusa bati la mashine, usiiwashe tena. Hilo ni la fundi wa umeme, na liangaliwe kabla ya kuzungumzia maji.

Kinga moja inafaa kutajwa. Ipo disjonkta inayokata umeme mara tu inapohisi unapotea njiani. Kwa matumizi ya nyumbani huandikwa miliampia 30. Anayejenga au kurekebisha umeme wa nyumba, hasa upande wa bafu na jiko, aiulizie kwa fundi wake.

Inavuja lini?

Maji hutiririka kufuata mteremko wa sakafu. Dimbwi likiwa mbele, chanzo kinaweza kuwa nyuma. Ndiyo maana kuangalia dimbwi hakutoshi. Swali linalofungua kesi ni hili: inavuja lini?

Kausha mashine yote na sakafu. Tandaza karatasi za gazeti au vitambaa vikavu chini yake: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kama mashine ilikwisha kuangaliwa na haina dalili yoyote ya kupitisha umeme kwenye bati, iwashe bila nguo, usimame kando pakavu, na uangalie kwa tochi ya simu ni karatasi ipi inayolowa kwanza na mashine ilikuwa ikifanya nini wakati huo. Usipitishe mkono chini yake ikiwa inafanya kazi.

Kazi ya mashine inagawanyika katika hatua 4: kujaza maji, kufua, kutoa maji, na kuzungusha kwa kasi ili kukamua. Kila hatua ina sehemu zake zinazotumika, na kwa hiyo kila hatua ina washukiwa wake.

Ikivuja wakati wa kujaza

Anza nyuma, pale tiyo ya kuingiza maji inapofungwa. Tiyo hiyo ina kichwa cha kukaza kila upande, mmoja kwenye robine na mwingine kwenye mashine. Ndani ya kila kichwa kuna pete ya raba. Pete ikikauka, ikipasuka au ikikaa upande, maji yanatoka pale pale. Pitisha karatasi laini kuzunguka maungio. Karatasi haifichi hata tone moja.

Kufungua ni kwa mkono au kwa koleo, taratibu. Toa pete, itazame, ipindepinde. Ikiwa ngumu kama plastiki, muda wake umekwisha. Weka mpya ya kipimo kile kile, kaza kwa mkono mpaka igome, kisha ongeza robo ya mzunguko kwa koleo, si zaidi. Wengi hukaza kwa nguvu zote wakidhani ndiyo dawa. Wanaipasua pete au wanavunja meno ya plastiki, na sasa tatizo dogo limekuwa kubwa.

Kwenye tundu la mashine, nyuma ya tiyo hiyo, kuna chujio dogo. Maji yenye mchanga yanaliziba. Livute kwa koleo ndogo, lisugue kwa mswaki, lirudishe. Usilitupe ukisema maji yanaingia vizuri zaidi bila hilo, kwa sababu nyuma yake kuna vali, mlango mdogo unaofunguliwa na umeme. Vali hiyo hujifunga yenyewe umeme ukikatika. Lakini chembe ya mchanga ikikaa mdomoni mwake, haifungi sawasawa, na maji yanaendelea kuingia polepole usiku kucha mpaka yamwagike.

Kipimo chake ni rahisi. Chomoa mashine, acha robine wazi, subiri. Kama maji bado yanaingia ndani ya mashine isiyo na umeme, vali ndiyo mgonjwa. Mpaka ibadilishwe, funga robine kila unapomaliza kufua. Hata mwenye mashine nzima afanye hivyo.

Mshukiwa mwingine ni droo ya sabuni. Mabaki ya sabuni yakiganda, maji hayapati njia ya kushuka na yanarudi mbele. Vuta droo yote, ioshe kwa maji ya uvuguvugu, na usafishe pia chumba chake kwa juu, mahali matundu ya maji yalipo.

Ikivuja wakati wa kufua

Kwenye mashine yenye mlango wa mbele, angalia ile raba nene ya kijivu inayozunguka mdomo wa ngoma. Fungua mikunjo yake kwa vidole, hasa sehemu ya chini. Hapo hujificha sarafu, pini, vifungo, nywele, na uchafu unaonata. Kitambaa kimoja kilichobanwa kati ya raba na kioo kinatosha kupitisha maji. Futa raba, futa na kioo pia, kwa sababu sabuni iliyoganda kwenye kioo huzuia mlango kubana.

Ukikuta mpasuko mdogo, kiraka na gundi ya kuzibia mpira wa baiskeli vinaweza kusaidia kwa muda. Pasafishe, pakwaruze kidogo, pakauke kabisa, bandika, na uache mpaka kesho yake kabla ya kufua. Ni msaada wa kusubiria raba mpya, si tiba. Mpasuko mrefu haushonwi wala haubandikwi.

Kisha kuna povu, na hapa mashine inasingiziwa sana. Sabuni nyingi za unga zinazouzwa sokoni zimetengenezwa kwa ajili ya mikono na beseni, ambako povu jingi humfurahisha mtu. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele povu hilo linapanda, linatafuta tundu, linatokea kwenye droo au nyuma, kisha linageuka maji sakafuni. Sabuni ya kipande iliyokwaruzwa huongeza tatizo jingine: mafuta yake yanaganda ndani ya tiyo. Jaribu kufua mara moja kwa kijiko kimoja au viwili tu vya sabuni ya unga. Uvujaji ukikoma, umepona bila kutoa hata faranga.

Ikivuja wakati wa kutoa maji

Chini mbele, mara nyingi upande wa kulia, mashine nyingi za aina hii zina kimlango kidogo. Nyuma yake kuna kizibo cha kuzungusha, ambacho ni chujio la pampu. Weka beseni bapa na vitambaa, zungusha polepole, acha maji yatoke kidogo kidogo. Maji yakiwa ya moto, subiri yapoe. Ndani utakuta vilivyosahaulika mifukoni: vifungo, shanga, sarafu, vijiti, mchanga. Osha, angalia raba ya kizibo, kirudishe kikiwa kimenyooka. Kikiingia upande, kitavuja kila siku.

Njia hiyo hiyo inasaidia umeme ukikatika nguo zikiwa ndani na mlango umejifunga: chomoa mashine, toa maji kwa chini, kisha subiri kufuli iachie. Kuvuta mlango kwa nguvu ni kuvunja kufuli, na hilo nalo ni kipuri kingine cha kutafuta.

Angalia pia tiyo ya kutoa maji. Ncha yake hupaswa kuinuliwa, kwa kawaida kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ikilazwa chini, maji yanatoka yenyewe wakati mashine bado inajaza; mtu anaona maji sakafuni na mashine isiyojaa, anadhani imetoboka. Kumbe haijatoboka popote. Tiyo inahitaji tu kufungwa juu kwa kamba.

Tiyo hiyo haibebi shinikizo kubwa, kwa hiyo tundu dogo unaweza kulifunga kwa muda kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uliovutwa na kuzungushwa mara nyingi. Lakini usifanye hivyo kwenye tiyo ya kuingiza maji. Hiyo iko chini ya shinikizo muda wote robine ikiwa wazi. Ikipasuka hukupo, chumba kinajaa.

Mashine ya ngoma mbili

Kwa hali ya maji na umeme ya miji yetu, mashine ya ngoma mbili, upande mmoja wa kufua na mwingine wa kukamua, ina faida zake. Hujazwa kwa ndoo, haingoji robine, na umeme ukikatika unaweza kutoa nguo na kumaliza kwa mikono. Uvujaji wake una tabia yake.

Malalamiko ya kawaida ni kwamba maji hayakai upande wa kufua. Yanapungua na kutoka kwenye tiyo ya chini ingawa kitufe kiko kwenye kufua. Hapo shaka iende kwenye kizibo cha kutoa maji. Ni kipande cha raba kinachoinuliwa na waya au kamba unapogeuza kitufe, na kurudishwa chini na springi. Uzi, kifungo au mchanga ukikaa chini yake, hakifungi. Chomoa mashine, fungua kifuniko kinacholinda sehemu hiyo, toa raba, ioshe, safisha na kikalio chake. Angalia kama waya umelegea au umebana sana. Kisha jaza maji nusu, weka alama kwa kalamu kwenye usawa wa maji, subiri dakika 30 bila umeme. Maji yakibaki kwenye alama, kazi imeisha.

Uangalie pia usijaze kupita kiasi. Mashine hizo zina njia ya juu ya kupunguza maji yaliyozidi; ukipita alama, maji yatatoka tu, na si uharibifu.

Lakini matone yanayotoka katikati, chini ya upande wa kukamua, ni jambo zito. Huko mhimili unapita ndani ya raba laini, na chini yake kuna mota. Raba ikipasuka, maji yanashukia mota na waya. Usiendelee kuitumia ukisema ni matone tu.

Makosa ya mazingira yetu

Kitabu kinachokuja na mashine kiliandikwa kwa nyumba yenye maji safi na umeme usiokatika. Hapa kuna mambo matatu ambayo kitabu hakikuyafikiria sana.

La kwanza ni mchanga. Maji ya mto, ya kisima au ya mvua yaliyopita kwenye bati huja na udongo. Yaache yatulie usiku kucha kwenye pipa, chota ya juu, yapitishe kwenye kitambaa safi. Raba, vali na pampu zitakushukuru.

La pili ni shinikizo. Mashine nyingi zinazojaza zenyewe hazifurahii shinikizo lililo chini ya ba 0.3 hadi 0.5. Maji yaliyo kwenye tangi hutoa ba 0.1 kwa kila mita 1 ya kimo. Maana yake, tangi linapaswa kuwa mita 3 hadi 5 juu ya mashine. Lililo juu ya matofali mawili halitoshi. Wengine humwaga maji kwa ndoo kupitia droo ya sabuni, na mashine nyingi hukubali kwa sababu hupima usawa wa maji ndani. Umwage polepole tu. Ukimwaga ndoo nzima kwa pupa, maji yanarudi mbele, na hapo anayevuja ni wewe, si mashine.

La tatu ni safari. Ngoma ya mashine ya mlango wa mbele inaning'inia kwenye springi. Kiwandani hufungwa kwa boliti ndefu nyuma ili isiyumbe njiani. Mashine za okazyoni, zilizokwisha kutumika Ulaya au kwingine, mara nyingi husafirishwa bila boliti hizo. Kwenye behewa, kwenye lori au kwenye mashua, ngoma inagonga huku na huku, koliye zinazobana tiyo za ndani zinalegea, raba zinachanika. Anayenunua mashine iliyofika juzi aombe ijazwe maji mbele yake kabla ya kulipa. Na aliyenunua mpya akumbuke kutoa boliti kabla ya kuwasha, la sivyo itaruka chumba kizima.

Sakafu nayo ina neno lake. Weka glasi ya maji juu ya mashine. Maji yakilala upande, zungusha miguu ya mashine mpaka yanyooke. Mashine inayotikisika hulegeza kila kilichokazwa.

Mwachie fundi haya

Chomoa mashine, zungusha ngoma tupu kwa mkono. Ikinguruma kama kinu, au ikicheza juu na chini ukiinua ukingo wake, na nyuma kuna michirizi ya kutu, raba ya mhimili imekwisha na maji yameingia kwenye rulma, yaani beringi. Kazi hiyo hutaka kufungua mashine yote. Vivyo hivyo pipa la nje lililopasuka, maji yaliyofika kwenye mota au kwenye bodi ya umeme, na harufu ya kuungua.

Lakini hata hapo uchunguzi wako haukupotea. Ukimwambia fundi kwamba mashine haifanyi kazi, ataanza kufungua kila kitu. Ukimwambia kwamba inavuja wakati wa kukamua tu, nyuma kushoto, na ngoma inanguruma, umempunguzia nusu ya kazi na umejipunguzia bei. Mwombe akuonyeshe kipuri kilichotolewa, na andika namba iliyo kwenye kibandiko cha mashine, kwa kawaida nyuma au ndani ya mlango. Bila namba hiyo, ndugu aliyeko Goma, Lubumbashi au Kinshasa anaweza kukutumia raba nzuri isiyoingia.

Bido moja kwa siku

Kuna wanaoamua kuishi na uvujaji: wanaweka kitambaa chini na maisha yanaendelea. Tupige hesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Tukisema matone 4 yanatoa mililita 1, ni zaidi ya lita 21. Hiyo ni bido nzima ya manjano, ambayo mtu aliibeba kichwani kutoka bombani au mtoni, inamwagika kila siku bila kuosha hata soksi.

Mto Lualaba unapita mbele ya mji huu kabla ya kuzunguka nchi na kufika Inga, ambako mabwawa ya mwaka 1972 na 1982 yanageuza maji yake kuwa umeme. Maji hayo yalipita Kindu kwanza, lakini umeme wake haujarudi kuwasha taa zetu kama tunavyotamani. Hilo liko mikononi mwa SNEL na serikali, na wakaaji wa Kindu wana haki ya kuendelea kulidai. Pete ya raba, chujio na kizibo viko mikononi mwa mwenye nyumba.

Ukishatengeneza, usirudishe mashine ukutani mara moja. Iache mbele, na karatasi kavu zikiwa chini, kwa mafuo mawili au matatu. Karatasi zikibaki kavu, irudishe mahali pake.